Akili bandia, Talai wa Kericho na ndege wa Meinertzhagen

Nilikuwa kimya kidogo, kazi zilinibana, lakini leo nina kisa.

Mdogo wangu yuko chuoni, anaandika insha kuhusu Talai, ukoo ambao serikali ya kikoloni iliuhamisha kwa nguvu kutoka nchi ya Wakipsigis hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, kwa sheria maalum ya mwaka 1934. Aliuliza programu ya akili bandia, ikampa aya safi kabisa na marejeo manane. "Kaka, hii kitu ni noma!" akaniambia.

Tukakaa tukayatafuta. Matatu hayakuwepo popote! Kisha programu ikasema watu walitolewa "Wilaya ya Bomet", wakati Bomet ilikatwa kutoka Kericho na kuwa wilaya mwaka 1992. Tena ikasema Koitalel arap Samoei alifia uhamishoni Fort Hall, yaani Murang'a. Koitalel, kiongozi wa Wanandi, aliuawa kwa risasi Oktoba 1905. Aliyefia uhamishoni ni ndugu yake wa upande wa Wakipsigis, Kipchomber arap Koilegen.

Kwa nini hivi? Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno gani lifuate. Jina la mwandishi, mwaka na jarida vinaweza kufuatana vizuri sana na kitabu chenyewe kisiwepo. Mwaka 2023 mawakili huko New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Lakini wadau, uongo wa kitaaluma haukuanza na kompyuta. Richard Meinertzhagen, ofisa Mwingereza aliyemuua Koitalel, baadaye alisifika kama mtaalamu wa ndege. Miaka mingi aliaminiwa. Halafu katika miaka ya 1990, Alan Knox na Pamela Rasmussen walirudi kwenye ngozi zenyewe za ndege aliowaacha makumbushoni, wakachunguza jinsi zilivyotengenezwa. Wakagundua kwamba baadhi aliziiba kwenye makusanyo ya wengine, akazibandika vibandiko vyenye mahali na tarehe za uongo. Kibandiko kizuri, ndege wa kwingine!

Rejeo la akili bandia ni kibandiko tu. Mfungue ndege kwanza. Tumia programu kupata maneno ya kutafutia, kisha nenda kwenye sheria yenyewe, kwenye faili za Nyaraka za Taifa pale Nairobi, na kwa wazee wa Kericho. Usichokifungua na kukisoma, usikiandike.

Na hili si la kupata alama tu. Agosti 2022 Wakipsigis na Talai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa ajili ya ardhi hii hii iliyogeuzwa mashamba ya chai. Rejeo moja la uongo likiingia katika historia yao, anayetaka kuikana atapata sababu ya kuyatilia shaka hata yale ya kweli.

Insha ya mdogo wangu sasa ina marejeo matano, yote tumeyaona kwa macho. Haya, chai yangu inapoa. Tuonane tena!