Mafuriko Yaliacha Desturi, Tetemeko Halikuacha

Tarehe 13 Desemba 1910, ukanda wa Ziwa Rukwa, kusini-magharibi mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, ulipigwa na tetemeko la ardhi ambalo wataalamu wamelikadiria kuwa na ukubwa wa 7.4. Katika karne nzima ya ishirini, Afrika haikupata mengi ya kulifikia. Taarifa zilizosalia zinasimulia hasa nyufa katika nyumba zilizojengwa kwa mtindo wa Kizungu. Habari za vifo ni haba mno. Sasa tutazame Kagera. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu kasoro dakika chache alasiri, lilipita tetemeko la ukubwa wa 5.9, ambalo kwa nishati halifiki hata sehemu moja kwa mia ya lile la Rukwa. Liliua watu wasiopungua 17, likajeruhi mamia, likabomoa au kutia nyufa maelfu ya nyumba, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu. Ardhi yetu haikubadilika tabia katika miaka hiyo 106. Nyumba ndizo zilizobadilika, na zilibadilika bila tetemeko kuingizwa kwenye hesabu.

Msomaji makini atapinga mara moja kwamba ulinganisho huu hauko sawa. Mwaka 1910 Rukwa ilikuwa na watu wachache waliotawanyika, na dola ya kikoloni ilihesabu hasara za majengo yake kabla ya kuhesabu maiti za wenyeji. Pingamizi hilo lina uzito, na kwa sababu hiyo sitasema kwamba hakuna aliyekufa. Lakini halitoshi kueleza tofauti yote, kwa kuwa linaacha kando swali la nini kilikuwa juu ya vichwa vya watu. Chukua msonge wa Wahaya wa Kagera. Nguzo na fito zilikunjwa na kufungwa kwa kamba, nyasi zikashuka kutoka kileleni hadi chini, na kuta nzito hazikuwepo kabisa. Nyumba kama hiyo ikitikiswa, vifungo vinalegea na kukaza tena. Hata ikianguka, kinachomwangukia aliyelala ni fito na nyasi. Nyumba ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo huvunjika kwa namna nyingine. Ufa huanza kwenye pembe ya dirisha na kupanda kimshazari. Tikiso likirudi upande wa pili, ufa mwingine huukata wa kwanza, kuta mbili huachana pale kwenye kona, na ile sehemu ya pembetatu inayoshikilia kilele cha paa, ambayo haikufungwa na chochote, humwagika nje au ndani.

Sisemi haya ili kuutukuza msonge. Uliungua upesi, uliliwa na mchwa, moshi wake uliumiza macho na vifua, na wala haukubuniwa kwa ajili ya tetemeko. Ustahimilivu wake ulikuwa bahati tu. Watu walipopata fedha za kahawa, walipoona majengo ya misheni, na baadaye serikali ilipohimiza nyumba bora, walikuwa na kila sababu ya kuhamia kwenye tofali na bati. Ninachohoji ni kwa nini, katika safari hiyo ndefu, hakuna aliyebeba swali la tetemeko, ilhali maswali ya majanga mengine yalibebwa vizuri sana.

Kwa mafuriko, jibu liko bondeni Rufiji. Warufiji hawakuishi na mto kwa kuukimbia. Walijenga madungu, vibanda vilivyosimama juu ya nguzo ndefu katikati ya mashamba, na walikuwa na msimu mzima wa kilimo, mlau, unaotegemea matope yanayoachwa na maji yanapopungua. Mafuriko yalileta hasara na rutuba kwa pamoja, na maarifa ya kutofautisha maji ya kawaida na maji ya maangamizi yalipita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kwa sababu wote wawili waliyaona. Ndiyo maana, baada ya mafuriko ya 1968, serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya maeneo ya juu, wakulima wengi waliendelea kushuka bondeni kulima. Ukame nao ulijenga taasisi zake: wafugaji wa Kimaasai walikopeshana na kugawana ng'ombe ili ukame wa mahali pamoja usimfilisi mtu mmoja, na njaa kubwa zikapewa majina ambayo watu walihesabia umri. Ugogo ina Mtunya, iliyoanza mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia; Ukambani ina Ngomanisye ya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Tetemeko la Rukwa tunalijua kwa tarehe na namba.

Tofauti hii haitokani na ukubwa wa janga. Inatokana na kurudi kwake. Ukame na mafuriko hurudi mara kadhaa ndani ya uhai wa mtu mmoja. Mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa unapanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka, hivyo mpasuko mmoja waweza kukaa kimya kwa vizazi vingi kabla ya kuachia nguvu uliyojilimbikizia. Desturi ya ujenzi haiwezi kudumu kwa kumbukumbu ya tukio ambalo hata babu hakulisikia kwa babu yake. Mtu atasema kwamba watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria walilijua tetemeko vizuri, kwani Waganda walikuwa na Musisi, mungu wa matetemeko. Ni kweli, na inaonyesha kwamba mitikisiko midogo ilikuwa ya kawaida. Lakini mtikisiko mdogo hufundisha kwamba dunia hutikisika na kutulia. Haufundishi jinsi ya kufunga kona ya ukuta. Hata Zanzibar inathibitisha jambo hili kwa janga la aina nyingine. Kimbunga cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuifanya Pemba, iliyoumia kidogo, kuwa kitovu cha zao hilo. Uchumi wa visiwa uligeuka, lakini haukuzuka utaratibu wa kujenga kwa kuogopa vimbunga, maana hakikufuatiwa na kingine kama hicho.

Pingamizi zito zaidi ni la vipaumbele. Ukame umeua na kufukarisha watu wengi zaidi katika ukanda huu kuliko matetemeko yote yaliyoandikwa, na maporomoko ya matope ya Hanang ya Desemba 2023 pekee yaliua zaidi ya watu 80. Kwa nini basi tuhangaike? Kwa sababu hesabu hiyo ni ya enzi ya nyumba nyepesi na miji midogo. Tetemeko la Toro la Machi 1966, mpakani mwa Uganda na Kongo, liliua watu takriban 150 vijijini. Lile la Bukavu na kusini-magharibi mwa Rwanda la tarehe 3 Februari 2008 lilikuwa la ukubwa wa 5.9 tu, lakini lilikuja Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani, na liliua makumi. Kagera ilipigwa Jumamosi alasiri, madarasa yakiwa matupu. Ukubwa wa Rukwa ukirudi leo karibu na Mbeya, Bujumbura au Bukavu, takwimu za zamani hazitatuambia kitu.

Umaskini hutajwa kama jibu la mwisho, nami nakubali kwamba anayejenga kwa awamu, tofali kwa tofali, hana fedha za mhandisi. Ila kinachopungua katika nyumba nyingi ni kidogo kuliko tunavyodhani: mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote bila kukatika, kona zilizofungamana, saruji badala ya udongo kati ya matofali. Japani iliingiza kanuni za tetemeko katika sheria ya ujenzi mwaka 1924, baada ya tetemeko la Kanto la 1923 lililoua watu zaidi ya 100,000, na tangu 1960 hufanya Septemba 1 kuwa siku ya kujiandaa na majanga. Mjapani hutikiswa mara nyingi, hivyo sheria yake inasaidiwa na kumbukumbu. Sheria pekee haitatosha kwetu, kwa kuwa nyumba nyingi za vijijini hujengwa kwa makubaliano ya mdomo kati ya fundi na mwenye nyumba, bila ramani wala mkaguzi. Anayeamua kama mkanda utapita juu ya dirisha na kufunga kona, au utaishia kwenye lenta fupi, ni fundi huyo, na yeye hufanya alivyoona kwa aliyemfundisha.