Kutengeneza au Kubadilisha: Ekseli ya Nyuma ya Lori na Uhaba wa Fedha za Kigeni nchini Tanzania, 1974–1986

Historia ya usafirishaji nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kutazama barabara na reli kuliko magari yenyewe. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zimechambuliwa mara nyingi, lakini lori lililokwama kando ya barabara hiyo, likiwa na ekseli ya nyuma iliyovunjika, halijapewa uzito linaostahili. Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu historia ya magari nchini Tanzania, amewarejesha mafundi wa gereji katika simulizi hiyo. Hoja ya makala haya ni kwamba uamuzi wa kutengeneza ekseli badala ya kuibadilisha haukuwa dalili ya ujinga wa kiufundi. Ulikuwa hesabu iliyofanywa ndani ya mipaka ya fedha za kigeni.

Ni muhimu kwanza kueleza kilichokuwa kikivunjika, kwa kuwa neno "ekseli" huficha mambo kadhaa. Katika malori mengi mazito, uzito wa mzigo hubebwa na bomba la ekseli, ilhali shafti zilizo ndani yake hupokea nguvu ya mzunguko tu kutoka kwenye difu na kuipeleka kwenye magurudumu. Shafti iliyokatika huweza kuchomolewa na kuwekwa nyingine bila kung'oa ekseli nzima. Kuiunga kwa kuchomelea ni jambo jingine: joto huharibu ugumu uliowekwa kiwandani, na shafti hukatika tena, aghalabu mlimani. Bomba lenye ufa huchomeleka, lakini likipinda hata kidogo, beringi na matairi huliwa upesi. Gia mbili kuu za difu husagwa kwa pamoja ili zishikane; moja ikivunjika meno, zote mbili hubadilishwa. Fundi aliyekagua ekseli hiyo, kwa hiyo, alikuwa na maswali matatu au manne mbele yake, na kila moja lilikuwa na jibu lake.

Majibu hayo yalibanwa na uchumi. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979; Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977; vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vilianza mwishoni mwa mwaka 1978. Fedha za kigeni ziligawiwa kwa vibali, na spea zilishindana na dawa, mafuta na mashine za viwanda. Wafadhili, kwa upande wao, walikuwa wepesi zaidi kutoa lori jipya kuliko kugharamia spea za lori lililokwisha kuwepo. Matokeo yake yalikuwa ya kejeli: nchi ilipata malori mapya huku ya zamani yakisimama kwa kukosa beringi.

Misaada hiyo ilileta pia magari ya aina nyingi. Scania ziliunganishwa Kibaha katika kiwanda cha TAMCO, lakini Fiat, Leyland na Isuzu nazo zilikuwa barabarani. Kunyofoa difu ya lori bovu ili kuokoa jingine kuliwezekana pale tu palipokuwa na mawili ya aina moja, na kila unyofoaji uliligeuza gari lililohitaji kifaa kimoja kuwa gari lililohitaji vyote.

Gharama ya kusubiri haikuwa ya mwenye gari peke yake. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na ukusanyaji wa mazao ukaachiwa mamlaka za mazao na Shirika la Usagishaji la Taifa. Lori likisimama katika msimu wa ununuzi, mahindi yalibaki vijijini hadi mvua zikayakuta. Katika mazingira hayo, ukarabati uliotarajiwa kudumu msimu mmoja ulikuwa na thamani kuliko ekseli mpya ya mwaka unaofuata. Tafsiri inayoyahesabu malori yaliyosimama kama ushahidi wa uzembe wa mameneja pekee, ingawa uzembe ulikuwepo, hailioni jambo hili.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa kutoka takribani 17 hadi 40 kwa dola. Vipuri vilianza kuonekana madukani, kwa bei ambayo wenye malori wengi hawakuimudu. Walirudi kwa fundi yule yule, safari hii kwa kukosa shilingi badala ya kibali.