Msikiti wa Brick Lane: Mtaa Ukihamwa, Wakfu Huwaje?

Tangu zamani wanazuoni wa fiqhi wamejadili suala hili: msikiti ukihamwa na watu wake, hukumu yake ni ipi? Huenda baadhi yetu wakadhani ni suala la vitabuni tu. Jengo moja la London linatuonyesha vinginevyo.

Jengo hilo liko barabara ya Brick Lane, mashariki ya jiji. Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa, ambao wazee wao walikimbia kwao baada ya Mfalme Louis wa 14 kuwafutia uhuru wa ibada mwaka 1685. Wengi mtaani hapo walikuwa wafumaji wa hariri. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Mayahudi waliokimbia mateso katika dola ya Urusi, wengi wakiishi kwa ushonaji. Walipopata nafuu walihamia vitongoji vya kaskazini, sinagogi likabaki mahame. Mwaka 1976 likafunguliwa kuwa msikiti wa Waislamu wa Kibengali, wengi wao watu wa Sylhet, nao wakishika kazi ileile ya cherehani.

Ceri Peach, mwalimu wa jiografia wa Oxford, alitofautisha mtaa ambao watu wamefungiwa na mtaa ambao watu hukusanyika kwa hiari. Hapa ndipo penye funzo, ndugu msomaji: aliyekuja kwa hiari, akipata uwezo huweza kuondoka kwa hiari.

Katika sensa ya 2021, Waislamu walikuwa asilimia 39.9 ya wakazi wa Tower Hamlets, wilaya yenye mtaa huo. Ni wengi, lakini waliotangulia nao walikuwa wengi, na leo kodi za nyumba zinawasukuma watu mbali.

Madhehebu ya Imamu Shafi (r.a.) hayaruhusu msikiti kuuzwa hata ukihamwa. Mahanbali wameruhusu uuzwe na thamani yake ijenge msikiti mwingine, wakitoa hoja kwa amri iliyopokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.) ya kuhamisha msikiti wa Kufa.

Kwa hiyo kamati za misikiti zisingoje safu zipungue. Waumini wakiwa bado wapo, ziandike masharti ya wakfu bayana, na zinunue nyumba na maduka ya wakfu karibu na msikiti, ili mapato yautunze na familia za Waislamu zipate pa kukaa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.