"Half five" ni saa ngapi? Maneno ya Waingereza na Waaustralia yanayotuponza Diani

Miaka kadhaa nyuma, nikiendesha gari la kukodi hapa Diani, mgeni mmoja Mwingereza aliniambia nimchukue alfajiri, "half five", nimpeleke Shimba Hills. Mimi lugha ya kwanza ya wageni niliyoijua ni Kijerumani, nilichokiokota ufuoni nikiuza vinyago. Kwa Mjerumani, "halb fünf" ni saa kumi na nusu. Basi saa kumi na nusu nilikuwa langoni mwa hoteli. Nikangoja hadi saa kumi na moja ikapita, nikaona nimechezewa, nikaenda zangu. Mgeni akatoka saa kumi na moja na nusu, kwani kwa Mwingereza "half five" ni tano na nusu ya saa yao. Hakunikuta. Alipanda gari la mwingine, na siku zote zilizobakia akazunguka na huyo huyo.

Tangu siku hiyo naandika maneno yao ya mtaani kwenye daftari. Haya hapa machache, kwa madereva, manahodha, wahudumu na vijana wa ufuoni, kuanzia Tiwi hadi Msambweni na Shimoni.

Kwanza jua kwamba Mwaustralia si Mwingereza. Meli za kwanza za wafungwa kutoka Uingereza zilifika Australia mwaka 1788, na tangu hapo Kiingereza cha kule kimefuata njia yake. Ni kama Kiswahili cha Lamu na cha Unguja: mama mmoja, malezi mbalimbali.

Salamu na shukrani. "Cheers" husemwa watu wakigonganisha glasi, lakini mara nyingi maana yake ni asante tu. Usikimbilie kuleta bia. "Ta" pia ni asante. Mwingereza akikuuliza "You all right?" hakuoni mgonjwa, anakusalimu, kama sisi tusemavyo "vipi?" "Mate" ni rafiki, ila sikiliza sauti: Mwaustralia akilitamka kwa ukali, huenda anakuonya.

Chakula. Kwa Waingereza wengi wa kaskazini, "tea" ni chakula cha jioni. Ukimletea kikombe, atakutazama. Usimcheke, maana hata sisi "chai" si chai kila mara. Muulize yeyote aliyewahi kusimamishwa barabarani. "I'm stuffed" kwa Mwingereza ni nimeshiba. Mwaustralia naye husema hivyo akiwa ameshiba au amechoka hoi, na kitu kikiharibika pia ni "stuffed". "Brekkie" ni kiamshakinywa, na wote wawili hulitumia. "Arvo" ni alasiri, na "esky" ni kasha la kuwekea vinywaji na barafu. Hayo mawili ni ya Mwaustralia.

Mavazi. Hapa ndipo penye aibu. Mwaustralia akisema amesahau "thongs" zake ndani ya mashua, anatafuta ndara. Kwa Mwingereza neno hilo hilo ni chupi nyembamba. "Pants" nalo limegeuka: kwa Mwingereza ni chupi, kwa Mwaustralia na Mmarekani ni suruali. Dobi, uliza kabla ya kuhesabu.

Pesa. "Quid" ni pauni moja, "fiver" ni noti ya tano, "tenner" ni ya kumi, na "grand" ni elfu. "Bob" tunalijua, lilikuwa jina la mtaani la shilingi ya Uingereza. Waingereza waliacha hesabu ya shilingi Februari 1971, Waaustralia Februari 1966. Sisi tungali tunasema "bob mia".

Maneno ya hatari. "Pissed" kwa Mwingereza na Mwaustralia ni mlevi. Kwa Mmarekani ni mwenye hasira. Likiongezewa "off", ni hasira kwa wote. Askari wa lango, tofauti hiyo ni kubwa: mmoja anahitaji kusindikizwa chumbani, mwingine anahitaji kusikilizwa. Na mkitazama mpira, usimwambie Mwaustralia kwamba una "root" timu fulani. Mmarekani ataelewa unaishangilia. Kwa Mwaustralia ni neno la chumbani, na si la kutamkwa mbele ya watoto wake.

Ami yangu, aliyepika hotelini miaka mingi, aliponisikia nikilalamika juu ya yule mgeni wa Shimba Hills aliniuliza, "Mwanangu, ulimuuliza?" Sikuwa nimemuuliza. Niliona haya kuonekana sijui Kiingereza, na haya hiyo ikanigharimu kazi ya wiki nzima.

Siku hizi mgeni akinitajia saa, naiandika kwa tarakimu kwenye simu, 5:30, namwonyesha. Akitikisa kichwa kukubali, ndipo naondoka. Nusu dakika tu, na hakuna aliyewahi kunicheka.