Chumvi Ndiyo Mchawi wa Ndinga: Meli Iliyolala Ziwani na Altezza Inayooza

Julai 1916 mambo yaliwaendea kombo Wajerumani pale Kigoma. Mafundi watatu waliokuja na meli ya Graf von Götzen kutoka Papenburg wakapewa amri ya kuizamisha meli ile ile waliyohangaika kuiunganisha. Ilikuwa imeletwa vipande vipande, ndani ya masanduku takribani 5,000, kwa bahari mpaka Dar es Salaam kisha kwa reli. Mafundi hawakuwa na moyo wa kuiua kabisa. Kabla ya kuizamisha tarehe 26, karibu na mlango wa mto Malagarasi, waliipaka mitambo yake grisi nene, maana walijua ipo siku itahitajika tena.

Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa, na kumbe mitambo ilikuwa bado inafaa! Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa kwa watu wa kusini. Mitambo ile ya mvuke iliendelea kusukuma meli hadi miaka ya 1970, ilipowekwa injini za dizeli. Wazee wa mwambao wa Kabwe na Kirando wameikuta meli hiyo, na wajukuu wao nao wakaikuta.

Sasa linganisha na kijana wa Kabwe anayerudi nyumbani na ndinga ya kijanja, tuseme Altezza au Subaru Impreza. Gari halijawahi kuzama popote. Rangi inang'aa, rimu kali, mlio wa ekzosi unaamsha mtaa mzima. Lakini fundi akiingia chini na bisibisi, akigusa sakafu tu, inatoboka kama gamba la yai.

Tofauti ya vyuma hivyo viwili si umri. Grisi ilisaidia sana, ila na ziwa nalo lilikuwa upande wa meli: maji ya Tanganyika ni baridi, hayana chumvi ya bahari. Maji matupu hula chuma polepole. Yakichanganyika na chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi na kutu hukimbia. Isitoshe, chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo ikijificha kwenye uwazi wa bodi inaendelea kutafuna hata gari likiwa limepaki kivulini. Watu husema jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Huyu mchawi wa chumvi yeye hatupiki kirahisi, anakuja ndani ya gari.

Anatoka wapi? Kaskazini mwa Japani theluji huanguka kwa wingi, hasa Hokkaido na mikoa ya Tohoku. Zamani madereva wa huko walifunga matairi yenye misumari, yakawa yanasaga lami na kujaza miji vumbi. Sheria ya mwaka 1990 ikayapiga marufuku, na barabara zikaanza kumwagiwa dawa za kuyeyusha barafu kwa wingi zaidi, nyingi zikiwa ni chumvi. Vumbi likapungua mjini, mzigo ukahamia chini ya magari. Uingereza nako, wanakotoka baadhi ya Land Rover zinazoonekana huku, chumvi ya mawe humwagwa barabarani kila baridi.

Historia ya mashindano inaonyesha jambo hilo vizuri. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, ikipigwa na tope, mawe na mashimo. Gari la aina hiyo hiyo, kwenye barabara za chumvi za Ulaya na Marekani, likapata sifa mbaya ya kuoza sakafu na kitako cha betri. Tope la kwetu lilikuwa na adabu kuliko theluji ya wenzetu.

Kwa nini gari la michezo hasa? Kwanza liko chini, linakula maji yote yanayorushwa na matairi. Pili, huvalishwa siketi za plastiki pembeni, na nyuma ya siketi hizo ndiko kutu hujenga nyumba bila mtu kuona. Tatu, halina chesesi ya peke yake kama lori; bodi ndiyo chesesi. Ukingo wa chini ya mlango ukioza, uti wa mgongo umeoza.

Ndiyo maana fundi mzoefu haanzi na boneti. Anataka gari lipande juu ya shimo la gereji, mchana, na tochi mkononi. Anaangalia matao ya matairi ya nyuma kwa ndani, sehemu shokapu zinapofungwa, na viungio vya sakafu. Anainua zulia la buti na kutoa tairi la akiba. Sumaku iliyofungwa kitambaa inapitishwa kwenye bodi. Isiponata, chini yake kuna puti. Rangi nyeusi ya lami iliyopakwa juzi chini ya gari kuukuu inapaswa kuzua maswali, kwani mara nyingi imefunika kitu. Karatasi ya mnada wa Japani nayo husema: herufi S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa. Mnada kuwa Tokyo si kinga, gari linaweza kuwa limeishi Sapporo miaka kumi. Na Okinawa, kusiko na theluji, upepo wa bahari hufanya kazi ile ile.

Bomba za breki ndizo zinazotakiwa kuchunguzwa kwa kidole, moja baada ya nyingine. Kutu ya juu juu husuguliwa ikaisha. Bomba lililochimbika linabadilishwa, hakuna mjadala. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kama mita 770. Anayeteremka kutoka uwanda wa Ufipa kwenda Kabwe anashuka zaidi ya mita 1,000, mguu ukiwa kwenye breki, na pengine abiria watatu nyuma. Bomba likipasuka hapo, mlio wa ekzosi haumsaidii mtu.

Gari likipita mtihani, bado linahitaji kuoshwa chini kwa maji mengi matamu, kukaushwa, na kupuliziwa nta au grisi kwenye uwazi wa bodi kabla mvua za Novemba hazijaanza. Na ndoo ya samaki wa chumvi ipande basi, isiwekwe kwenye buti.