Mali, Nafsineni na Umilikaji: Historia ya Ufasiri wa Wimbo “Malaika”

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wimbo wa mapenzi “Malaika” ulivyofasiriwa upya na wanamuziki mbalimbali tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulipoenezwa kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, hadi ulipofika kwa Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M. na Angélique Kidjo. Hoja kuu ni kwamba kadiri wimbo ulivyosogea mbali na wasikilizaji wanaojua Kiswahili, ndivyo mapenzi yalivyobaki na suala la mali likafifia, ilhali mali ndiyo inayoushikilia wimbo huu kisarufi na kimaudhui. Makala yanaonyesha pia kwamba mgogoro kuhusu mtunzi wa wimbo umelirudisha suala hilohilo la mali kwa mlango mwingine.

1.0 Utangulizi

Ni nyimbo chache za Kiswahili zilizoimbwa na watu wengi wasiokijua Kiswahili kama “Malaika”. Umeimbwa katika kumbi za dansi, hoteli za watalii, kwaya za shule na maharusi. Kwa sababu ya umaarufu huo, wimbo huu huchukuliwa kuwa hauhitaji kufafanuliwa: kijana anampenda mtu na anamwita malaika. Usomaji huo si wa uongo, lakini ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba kijana huyo hana mali, na kwa hiyo hawezi kuoa.

Neno “ufasiri” linatumika hapa kwa maana mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza ni kazi ya mwimbaji anayeuchukua wimbo uliokwisha kuimbwa na kuupa sauti, kasi na mazingira mapya. Pili ni kazi ya msikilizaji anayeupa maana. Ili kuona kilichobadilika katika kila ufasiri, budi kuanza na matini yenyewe.

2.0 Matini na Sarufi Yake

Jina la wimbo lina historia yake. Katika Kiarabu, neno lililozaa “malaika” ni la wingi. Kiswahili kililipokea na kulifanya litumike kwa mmoja na kwa wengi bila kubadilika umbo, likipatanishwa kwa a- na wa-. Halionyeshi jinsia. Aidha, neno hilohilo hutumika kwa mtoto mchanga, na vilevile kwa vinyweleo laini vya mwilini. Hivyo anayeitwa malaika anaweza kuwa mwanamke, mwanamume au mtoto, na upana huo ni sababu mojawapo ya wimbo kusafiri kwa urahisi. Nafsineni naye hajitambulishi kwa jinsia: anajiita kijana tu, mwenzi wa yule anayemwambia.

Jinsia huingia mahali pamoja, katika kitenzi “oa”. Katika Kiswahili sanifu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kauli ya kutendwa ndiyo inayobeba nafasi ya mwanamke katika ndoa. Wimbo unatumia kauli ya kutenda, na kwa neno hilo moja nafsineni anajulikana kuwa mwanamume.

Kitenzi hicho kimeambikwa -nge-, na hapo ndipo ulipo uzito wa wimbo. Sentensi kamili ya masharti huwa na pande mbili: lingekuwapo hili, lingefanyika lile. Katika “Malaika” upande wa sharti haukuwekwa katika umbo la masharti. Umetajwa kama hali halisi ya sasa: msemaji ameshindwa, mali hana. Upande wa tokeo pekee ndio uliobaki katika -nge-. Msikilizaji mjuzi wa lugha hulazimika kuujaza upande uliokosekana mwenyewe. Ukosefu wa mali kwa msemaji huyu umekwisha kutimia. Kilichobaki katika dhana ni ndoa.

Uteuzi wa -nge- badala ya -ngali- nao una maana. Kwa kaida ya kisarufi, -ngali- hufunga mlango: jambo halikutokea na haliwezi kutokea tena. Umbo la -nge- huuacha mlango wazi kidogo. Ni kweli kwamba wazungumzaji wengi hubadilishana viambishi hivi bila kujali tofauti hiyo, na kwa hiyo hoja hii haiwezi kubebeshwa mzigo mkubwa. Hata hivyo, kama matini yalivyo, anayeomboleza hajampoteza mpenzi, anazuiwa kumfikia.

Ubeti unaomwita mpenzi kidege una utata mwingine. Kitenzi “waza” kimetanguliwa na hu- na ku-. Usomaji wa kawaida ni kwamba hu- ni ya mazoea na ku- ni ya mtendwa: msemaji humfikiria mpenzi siku zote. Lakini umbo hilohilo, likitazamwa peke yake, linaweza kuwa la ukanushi wa nafsi ya pili katika wakati uliopita, yaani wewe hukufikiri. Muktadha huondoa utata huo, kwa kuwa maneno ya jirani yanazungumzia jambo la kila siku. Ikumbukwe pia kwamba hu- ya mazoea haibebi kiambishi cha nafsi. Anayewaza hatajwi, ni kuwaza kwenyewe kunakosikika.

Kuhusu msamiati wa uchumi, wimbo hautumii neno “mahari”. Unatumia “mali” na “pesa”. “Pesa” ni neno lililoingia kutoka Bara Hindi, likiwa jina la sarafu ndogo ya shaba iliyotumika pamoja na rupia hadi shilingi ilipochukua nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sarafu ndogo kuliko zote ikawa jina la fedha zote. Anayesema kwamba pesa zinamtesa rohoni anazungumza kama mtu wa mjini, aliyeishi katika uchumi wa mshahara na kodi, ambamo hata mahari yaliyokuwa yakihesabiwa kwa mifugo yalianza kuhesabiwa kwa shilingi. Wimbo wa Nairobi ya miaka hiyo ulikuwa na wasikilizaji wengi waliojikuta katika hali hiyo.

3.0 Sauti ya Kwanza: Fadhili William

Fadhili William Mdawida alizaliwa mwaka 1938 katika eneo la Taita na kufariki Nairobi mwaka 2001. Aliurekodi wimbo huu akiwa na bendi ya Jambo Boys, kisha ukaenea zaidi kupitia Equator Sound Studios za Nairobi, studio iliyohusishwa pia na wanamuziki kama Daudi Kabaka. Uimbaji wake hauna haraka. Gitaa linakwenda taratibu, na sauti haipandi kwa fahari bali inasema kama mtu anayeeleza shida yake kwa aliye karibu.

Jambo la kuzingatiwa ni umbali wa wimbo huu kutoka katika utamaduni wa taarabu. Tangu Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, wimbo wa mapenzi wa Kiswahili katika santuri ulifahamika zaidi kwa ushairi wenye vina, mizani na mafumbo, na aghalabu mtunga shairi alikuwa mtu mmoja na mwimbaji mwingine. “Malaika” hauna fumbo la kuficha habari. Maneno ni ya kila siku, yanarudiwarudiwa, na asiye malenga anaweza kuyashika kwa kusikia mara moja. Wepesi huo uliwafaa wasikilizaji wa redio na wacheza dansi wa makabila mengi waliokutana mjini kwa Kiswahili. Baadaye uliwafaa pia waimbaji wa kigeni, waliohitaji maneno machache yenye irabu wazi ambayo ulimi mgeni unayaweza.

4.0 Miriam Makeba na Harry Belafonte

Miriam Makeba alifika Kenya mwaka 1962 kuunga mkono harakati za uhuru. Wakati huo alikuwa tayari amezuiwa kurudi kwao Afrika Kusini. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte walitoa albamu ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba, iliyojaa nyimbo za lugha za Kusini mwa Afrika na kupata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. “Malaika” umo ndani yake, ukiimbwa na wawili hao.

Ufasiri huu ulileta mabadiliko matatu. La kwanza ni la jina. Katika albamu wimbo uliitwa kwa Kiingereza “My Angel”, na jina la Kiswahili likawekwa nyuma yake. Kimilikishi “wangu”, ambacho jina la Kiswahili halina, kiliongezwa. Malaika asiyefikika alikwisha kumilikiwa kabla santuri haijaanza kuzunguka.

La pili ni la nafsineni. Makeba alikihifadhi kitenzi “oa” katika kauli ya kutenda. Kwa sikio la Kiswahili, mwanamke anasema kwamba angemwoa mpenzi wake. Ni rahisi kuliona hilo kuwa kosa la mgeni, lakini hukumu hiyo ni ya haraka. Katika ushairi wa Kiswahili, mwimbaji kuvaa nafsi isiyo yake ni jambo la kawaida. Waimbaji wanawake wa taarabu wameimba mashairi yaliyotungwa na wanaume bila hadhira kuwachanganya na wasemaji wa mashairi hayo. Makeba anaweza kusikika akifanya vivyo hivyo. Lakini palipo na waimbaji wawili, mwanamke na mwanamume, kilio cha kijana mmoja hugeuka mazungumzo. Anayelalamika kwamba yu mbali na mpenzi anasimama jukwaani kando yake. Kizuizi kinabaki katika maneno, lakini hakionekani tena.

La tatu ni la hadhira. Wasikilizaji wengi wa Marekani hawakuelewa neno “mali” wala “pesa”. Walichosikia ni Afrika, uchungu na upendo. Kwa sauti ya msanii aliyenyimwa nchi yake, utengano uliomo katika wimbo ulipata maana ambayo kijana wa Nairobi hakuwa nayo: kinachozuia si umaskini bali dola. Ufasiri huo una nguvu yake na haupaswi kudharauliwa. Hata hivyo, umejengwa juu ya sauti, si juu ya matini, na waliomfuata Makeba walirithi sauti hiyo zaidi kuliko walivyorithi ile ya Fadhili.

5.0 Kutoka Dansi hadi Jukwaa la Dunia

Mwaka 1967 kundi la Hep Stars la Uswidi, ambamo Benny Andersson alipiga kinanda kabla ya ABBA, lilirekodi “Malaika”. Nchini India Usha Uthup aliuingiza katika orodha ya nyimbo zake baada ya kuzuru Afrika Mashariki. Mwaka 1981 Boney M. waliutoa kama singo na katika albamu Boonoonoonoos, ukiwa na upangaji wa ala na sauti za pamoja uliolenga soko la pop la Ulaya. Katika hatua hii wimbo ulikuwa umepoteza mahali pake. Ulikuwa wa kitropiki tu, na tropiki hiyo ilikuwa Karibiani sawa na ilivyokuwa Kenya.

Angélique Kidjo wa Benin aliurekodi katika albamu Logozo ya mwaka 1991. Kwa Kidjo, ambaye amemtaja Makeba kuwa kielelezo chake, kuuimba wimbo huu ni kumjibu mwimbaji aliyemtangulia. Anayeheshimiwa hapa ni mwanamke aliyefungua njia kwa wanawake wa Afrika jukwaani, na malaika wa wimbo anaweza kusikika kuwa ni Makeba mwenyewe. Upangaji wake unaanza kwa utulivu na kuipa sauti nafasi kubwa. Nguvu ya wimbo inatoka katika pumzi na mvuto wa irabu.

Wakati huohuo, katika pwani ya Kenya, bendi za hoteli kama Safari Sound Band ziliuweka wimbo pamoja na nyimbo za kumkaribisha mgeni. Huu ni ufasiri wenye kinaya kuliko wote. Wapiga muziki wanaoelewa kila neno wanamwimbia msikilizaji asiyeelewa lolote, na anayeimbiwa kuhusu kukosa pesa ndiye aliyezileta. Kinaya kingine kinapatikana katika harusi za Afrika Mashariki, ambako wimbo wa aliyeshindwa kuoa huimbwa kwa wanaooana. Lakini hapa tofauti ni kubwa: hadhira inayajua maneno. Kuuimba penye harusi ni kukiri kwamba sharti lililokosekana limetimia, na kwamba -nge- imepata jibu lake.

6.0 Mtunzi ni Nani?

Fadhili William ndiye aliyetambuliwa zaidi kuwa mtunzi, kwa kuwa alitangulia kurekodi. Wengine wametajwa au wamedai: Adam Salim wa Tanzania, ambaye kwa mujibu wa masimulizi yake aliutunga katika miaka ya 1940 baada ya mpenzi wake kuozwa kwa mwingine, Lucas Tututu wa Mombasa, na Grant Charo. Masimulizi ya Adam Salim yana mvuto kwa sababu yanaeleza umaskini uliomo katika wimbo, ingawa, kama ilivyoonyeshwa, -nge- ya matini humweka mpenzi mahali ambapo bado anaweza kufikiwa. Tofauti hiyo haithibitishi lolote. Inaonyesha tu kwamba maisha ya mtunzi na matini ya wimbo havisomeki kama kitu kimoja.

Chanzo cha mgogoro ni kukutana kwa taratibu mbili. Katika kumbi za dansi, wimbo ulipita kutoka bendi hadi bendi, na aliyeuimba vizuri alikuwa na haki ya kuuimba. Santuri ilidai jina moja kwenye lebo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ilipotungwa mwaka 1966, wimbo ulikuwa umekwisha kuvuka bahari. Kila ufasiri mpya uliongeza thamani ya jina lililoandikwa, na kila ongezeko likalifanya swali la mtunzi kuwa swali la malipo. Mali iliyofifia masikioni mwa wasikilizaji wa ng’ambo ikarudi katika mikataba.

7.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba hakuna mwimbaji aliyelazimika kubadilisha maneno ili kubadilisha maana. Jina lisilo na jinsia, kijana asiyetajwa kuwa mume wala mke na kitenzi cha kuwaza kisicho na nafsi viliwaruhusu wengi kuingia. Kilichopinga ni maneno mawili tu: “oa”, lililodai mwanamume, na “mali”, lililodai sababu. La kwanza lilivukwa na wanawake wawili wakubwa wa muziki wa Afrika, na wimbo ukapanuka. La pili halikuvukwa. Liliachwa bila kusikika, na wimbo ukapungua. Kwa uhakiki wa nyimbo za Kiswahili, tofauti hiyo ina funzo la kimbinu: ufasiri wa mwanamuziki upimwe kwa kile unachofungua katika matini, na vilevile kwa kile ambacho hadhira yake haiwezi tena kukisikia. Katika “Malaika”, kisichosikika ni sababu ya kilio chenyewe.