Jiwe la Ivuna na Hadithi za Kubuni

Mara nyingi twasikia wazee wakiuliza, "Kwa nini mwawasomea watoto habari za mambo yasiyokuwako? Je, huo si uongo?" Swali hili si dogo, maana mtoto aliyezoea uongo ni hasara ya mji mzima. Twataka kulijibu kwa habari ya jiwe lililoanguka hapa Ivuna.

Tarehe 16 Desemba mwaka 1938, jioni, jiwe jeusi lilianguka toka juu. Uzito wake ulikuwa gramu 705 hivi, haukufika hata kilo moja. Wataalamu walipolichungua waliona ni la namna adimu sana, lenye kaboni, na umri wake ni miaka milioni 4,500 hivi. Hata leo mawe yote ya jamii hiyo huitwa kwa herufi mbili, C na I. Na hiyo I ni Ivuna.

Siku 47 kabla ya hapo, tarehe 30 Oktoba, jambo jingine lilitokea Marekani. Mwingereza H. G. Wells alikuwa ametoa kitabu mwaka 1898, akibuni habari za viumbe wa Mirihi waliokuja kupiga vita duniani. Chombo chao cha kwanza kilipoanguka, watu walidhani ni kimondo. Orson Welles na wenzake wakakigeuza kitabu hicho kuwa mchezo wa redio, wakausoma kama habari za siku ile. Mwanzoni ilitangazwa kwamba ni mchezo tu. Bali waliochelewa kufungua redio hawakusikia tangazo hilo, na baadhi yao wakashikwa na hofu.

Hapo twaona hekima ya wasimulizi wa pwani. Kabla ya kuleta habari za sungura na fisi wanaosema, msimulizi huita, "Paukwa!" na wasikilizaji hujibu, "Pakawa!" Kwa maneno hayo wote wamepatana kwamba yatakayofuata ni ya kubuni. Hakuna aliyedanganywa.

Mwongo hasemi Paukwa. Mwaka 1864 mawe ya jamii ya jiwe letu yalianguka Orgueil, Ufaransa. Mtu asiyejulikana alitia mbegu za mmea na makaa ndani ya kipande kimoja, akaziba kwa gundi. Hila hiyo haikufichuliwa mpaka miaka ya 1960. Huo ndio uongo. Tena mwaka 1961 wataalamu wawili, Claus na Nagy, walitangaza kwamba wameona alama za viumbe vidogo katika mawe ya Orgueil na Ivuna. Wenzao walipochungua walionyesha kwamba baadhi ya alama zile ni chavua ya mimea ya duniani iliyoingia baadaye. Hilo lilikuwa kosa, si uongo. Basi hadithi, kosa na uongo ni vitu vitatu mbalimbali, na mtoto afundishwe kuvipambanua.

Lakini hadithi ya kubuni ina sheria yake. Tazama kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Nchi ile yaelea hewani. Hilo ndilo jambo la ajabu. Ila Karama ashtakiwa barazani kwa kutaka kufundisha sheria, naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliorudi na maarifa wakatupwa gerezani. Mashtaka, husuda, na viongozi wasiopenda kuambiwa, mambo hayo twayajua sote. Kwa sababu hiyo twaikubali ile nchi ya hewani, na twajiona wenyewe ndani yake.

Watu wa Ivuna wamepika chumvi tangu karne nyingi, nao wajua kwamba kidogo chatosha chungu kizima. Ajabu katika hadithi ni vivyo hivyo.

Tena mambo ya kubuniwa huweza kutukia. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani kilileta gramu 5 na kitu za udongo kutoka Ryugu, jiwe kubwa linalozunguka jua. Nao ulionekana kufanana sana na jiwe la Ivuna. Nani angalisadiki habari hiyo mwaka 1938?

Basi wazee wetu, wasimulieni watoto bila hofu. Ila kwanza semeni Paukwa, mngoje wajibu.